Nipe Mji: Safari ya Kanda Moja kutoka Karatina hadi Lavington

Nilikwenda Nairobi kudai jibu la kitendawili. Walimu wenzangu walidhani naenda harusini, na mimi sikuwasahihisha. Mwalimu wa Kiswahili aliyeanza kuota mvi hasimami mbele ya watu akasema anafunga safari kwa ajili ya mchezo wa watoto.

Kitendawili chenyewe kilikuwa cha kaka yangu Gathogo. Alifundisha hesabu katika shule ya wavulana, na shule hiyo iliwahi kupewa kompyuta ndogo ambayo hakuna mwalimu mwingine aliyethubutu kuigusa. Likizo zilipofika aliruhusiwa kuileta nyumbani. Aliifunga katika blanketi, akaiunganisha na televisheni ya baba, na usiku akaandika maagizo kwa lugha iitwayo BASIC. Kila mstari ulikuwa na nambari yake: kumi, ishirini, thelathini, na mashine ikafuata mmoja baada ya mwingine. Kazi ilipokwisha aliihifadhi kwenye kanda ya kaseti, zile zile za muziki, kwa kuwa mashine hiyo ilisahau kila kitu ilipozimwa.

Programu aliyoniandikia ilikuwa ya vitendawili. Iliuliza jina langu, nami nikaandika KANINI, jina la utani alilonipa kwa sababu nilikuwa mdogo na mkaidi. Ikaandika KITENDAWILI, nikajibu TEGA. Nikishindwa, iliniambia NIPE MJI, kama tunavyofanya darasani: asiyejua jibu hutoa mji, mtegaji akaupokea, ndipo akafumbua. Nilivijua vyote isipokuwa cha mwisho:

NIKIONDOKA HUBAKI. NIKIFIKA UGENINI HUNITANGULIA. NIKIRUDI HUNIPOKEA.

Nilitoa Mombasa. HUO SIUTAKI, ikaandika, NIPE MJI. Nikatoa Kisumu, Nakuru, hata London. Yote ikaikataa. Asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini mimi niliendelea mpaka shule ikafunguliwa na mashine ikarudi ilikotoka. Baadaye Gathogo alipata kazi Nairobi. Kila alipokuja kutuona nilimdai jibu, naye akacheka. "Nipe mji." Nikamwambia achukue Nairobi basi, maana alikuwa akiishi huko. "Huo si wako, Kanini," akasema.

Mara ya mwisho alipokuja, gari la kumrudisha lilikuwa likipiga honi langoni. Mama alitoka na kikombe mkononi. "Nitakunywa nikirudi, mama," Gathogo akamwambia. Barabara ilimchukua kabla hajafika Thika. Miaka imepita, lakini mtu akimpa mama pole hata leo, jibu lake ni lile lile: aliondoka bila chai.

Kanda ilibaki katika sanduku la mabati chini ya kitanda cha mama. Mashine za aina ile zilikuwa zimetoweka. Kisha siku moja katika saiba ya Karatina, duka la intaneti, nikitafuta mambo ya mitihani, niliandika neno BASIC kwa mchezo tu, nikakuta watu wa Nairobi wanaokutana kila Jumamosi kuandika lugha hiyo kwa mashine zile zile za zamani. Niliwaandikia. Jibu lilikuwa fupi: njoo na kanda, usiicheze mahali popote, tuko Jamhuri. Lilitiwa sahihi na mtu aitwaye Otieno.

Jumamosi asubuhi, Karatina. Mama aliniamsha kabla ya jogoo. Hakuelewa vizuri ninakokwenda. Alichoelewa ni kwamba sauti ya Gathogo imo ndani ya kanda, na nilichoka kumweleza kuwa si sauti, ni nambari. Alisimama mlangoni akinitazama nikimaliza chai yangu hadi tone la mwisho.

"Ukimsikia," akasema, "msikilize vizuri, usimkatize kama ulivyozoea."

Saa nne hivi, River Road. Nilikuwa na shida moja kabla ya Jamhuri. Kaseti ilikuwa imepasuka upande mmoja na ule utepe wa ndani umelegea. Nilipanda ngazi za jengo lenye maduka ya vyombo vya umeme, kila duka likishindana na jirani yake kwa nyimbo za injili, nikamkuta fundi aliyezungukwa na redio zilizofunguliwa matumbo.

"Niaje mathe," akanisalimu. "Umetoka wapi na hii kitu ya kitambo?"

"Karatina."

"Na si ungenunua CD tu. Hii ni ngoma gani?"

Nilimwambia ahamishe utepe kwenye kaseti nyingine nzima, na asiicheze. Aliuhamisha vizuri sana. Lakini kumwambia fundi asijaribu kazi yake ni kumwambia mpishi asionje mchuzi. Kabla sijanyoosha mkono alikuwa ameiweka kwenye redio. Duka zima likajaa mlio mkali, unakwaruza, unapanda na kushuka. Mteja mmoja alijiziba masikio.

"Pole, mathe," fundi akasema, akiizima haraka. "Hii imeharibika kabisa. Hakuna kitu hapa."

Mimi nilikuwa nimeshika meza yake. Niliujua mlio ule. Usiku wa likizo nilikuwa nikilala nikiusikia kutoka sebuleni, nikajua Gathogo bado yuko macho. Nilimtamani kaka yangu pale katikati ya redio mbovu kuliko nilivyomtamani siku ya kumzika. Nilimwambia fundi kuwa iko sawa, ndivyo inavyolia, akanitazama kama mtu anayefikiria kumwita ndugu yangu aje anichukue.

Adhuhuri niliteremka mjini kwa miguu, nikakatiza barabara pana za maofisi hadi steji ya magari ya Ngong Road. Mkoba niliukumbatia kifuani. Nairobi ukikumbatia mkoba watu hudhani una pesa, kwa hiyo nilitembea haraka na kuuma meno. Kila jengo refu nililolipita nilijiuliza kama Gathogo aliwahi kufanya kazi humo, maana hakuwahi kunionyesha ofisi yake, nami sikuwahi kuuliza.

Saa nane, Jamhuri Estate. Nyumba ya Otieno ilikuwa na ua wa mchongoma na geti la kijani. Mwenyewe alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku za kazi alisimamia kompyuta za kampuni kubwa mjini. Alinipokea kana kwamba nimeleta mtoto mchanga.

"Karibu mwalimu, karibu sana! Kwenu ni wapi tena? Karatina? Basi umetoka mbali. Kuja, kuja ndani, wote wanakungojea."

Sebule ilikuwa imegeuzwa karakana. Kulikuwa na televisheni nne za zamani, na mbele ya kila moja kisanduku cheusi chenye vitufe vya mpira. Watu sita walikuwa wameinama juu ya kompyuta hizo ndogo, mmoja akisoma mistari kwa sauti na mwingine akiandika. Mama mmoja mwenye kitambaa kichwani alikuwa akichora bendera ya Kenya, mstari kwa mstari, na ile ngao ya katikati ilikuwa imemshinda kwa wiki tatu. Nilimuuliza Otieno kwa nini mtu mwenye kompyuta za kisasa ofisini anajisumbua na hizi.

"Mwalimu, wacha nikuambie," akasema. "Kule job nikiwasha mashine, inaanza kuniambia vitu yenye inataka. Update hii, password ile. Hii ukiwasha, inaandika READY, halafu inanyamaza. Inakungoja wewe. Siku hizi nani anakungoja?"

Nilijua ni nani aliyekuwa akiningoja mimi.

Juu ya mlango walikuwa wamebandika karatasi yenye maneno makubwa: HIFADHI KWANZA. Hiyo ndiyo sheria yao kuu. Ukifanikiwa kuitoa programu kwenye kanda, usiitumie, usiishangilie, usiite watu. Ihifadhi kwanza kwenye kanda nyingine, ndipo ufurahi. Otieno alinieleza sheria hii kwa kirefu huku akisafisha redio-kaseti kwa pamba na spiriti.

Kisha akaiweka kanda ya Gathogo. Mlio ukaanza na mistari ya rangi ikacheza kwenye kioo. Wote sita waliacha kazi zao wakasimama nyuma yangu. Baada ya dakika chache mlio ukakatika, na maneno yakatokea:

HABARI. UNAITWA NANI?

Nilitoa sauti ambayo sikuijua. Yule mama mwenye kitambaa akanishika bega. Otieno, naye machozi yakimlenga, akanisukumia kile kisanduku. "Andika, mwalimu! Andika jina!" Na mimi nikaandika KANINI. Ikajibu: KANINI UMECHELEWA TENA. Wote wakapiga makofi. KITENDAWILI, ikaandika. TEGA, nikaandika. NYUMBA YANGU HAINA MLANGO. Nikajibu YAI, na nilikuwa nikicheka na kulia kwa pamoja, mtu mzima mimi.

Hapo ndipo stima ikapotea.

Kioo kiliingia giza kwa mlio mdogo. Mmoja mmoja, watu wakainua macho kutazama ile karatasi juu ya mlango.

"Haraka haraka," Otieno akasema polepole, "haina baraka. Mimi ndio nimeandika hiyo karatasi. Na mkono yangu mwenyewe."

Kanda bado tulikuwa nayo, lakini alipoitoa aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, na uso wake ukabadilika. Utepe ulikuwa umeanza kujikunja ukingoni na unga wa kahawia ulikuwa ukipukutika. Huenda ingekubali kuchezwa mara chache tu, akasema, na huenda isikubali tena kabisa. Tulingoja stima. Jirani alituambia kuwa mtaa mzima umekatiwa na hakuna ajuaye itarudi lini. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikihesabu vitu ambavyo ningemwambia mama, na hakuna hata kimoja kilichofaa.

Mtu mmoja alikuwa hajasema lolote tangu nifike. Alikuwa mzee wa Kisingasinga, kilemba chake cha buluu, jina lake Harjit. Alijikohoza.

"Kwangu kuna jenereta," akasema. "Na redio yangu ni nzuri kuliko ya Otieno, ingawa yeye hapendi kusikia hivyo. Twende, dada. Otieno, beba hiyo mashine."

Jioni, Lavington. Gari la mzee Harjit lilikuwa kuukuu na lilinukia iliki. Tulipita kuta ndefu zenye maua juu na nyaya juu ya maua. Barabarani hapakuwa na waenda kwa miguu ila mayaya wawili waliokuwa wakirudi nyumbani na mtunza bustani aliyekokota baiskeli. Langoni askari aliinama dirishani na daftari lake.

"Mgeni ametoka wapi, mzee?"

"Karatina," nikajibu mwenyewe.

Nyumba ilikuwa kubwa na tupu. Watoto wa mzee walikuwa ng'ambo, na mkewe, akaniambia, alikuwa ametangulia. Alituingiza katika chumba kidogo nyuma ya jikoni, akawasha jenereta, akatuletea chai ya maziwa yenye tangawizi. Aliikazia macho kanda kwa muda mrefu kabla ya kuigusa.

Jaribio la kwanza lilikataa. La pili likakataa. Unga wa kahawia ulibaki kwenye pamba kila alipofuta. Otieno alikuwa akitembea huku na huku mpaka mzee akamwambia akae chini au atoke. Kisha Harjit akachukua bisibisi nyembamba, akaingiza ncha yake katika tundu dogo la redio, akafumba macho. Mlio ulikuwa mzito, umezibwa. Akazungusha kidogo sana, ukawa mwembamba zaidi. Akazungusha tena, ukawa mkali kama wa zamani, ule wa sebuleni kwetu.

"Hapo," nikasema. "Hapo hapo, mzee. Usiguse tena."

Akaondoa bisibisi, akarudisha utepe mwanzo. Mistari ya rangi ikacheza. HABARI. UNAITWA NANI?

Safari hii hakuna aliyenisukumia chochote. Harjit aliisimamisha programu, akaweka kanda mpya, akahifadhi. Akaweka ya pili, akahifadhi. Otieno akadai na ya tatu. Ndipo wakanigeukia.

"Mwalimu, ukitaka tunaweza piga LIST tu," Otieno akasema. "Mistari yote itatokea, jibu utaliona hapo. Dakika moja."

"Hiyo ni kufunua sufuria kabla ya chakula kuiva," mzee akasema. "Ni ya dada. Yeye ataamua."

Sikutaka kusoma jibu kama mtu anayechungulia barua za wenyewe. Gathogo aliniwekea mchezo, si karatasi ya majibu. Nikaandika jina langu. Nikajibu vitendawili vyote hadi nikafika kile cha mwisho. Nikiondoka hubaki, nikifika ugenini hunitangulia, nikirudi hunipokea. Nilikitazama kwa macho ya mtu mzima na bado sikukijua. NIPE MJI, ikaandika. Nikatoa Eldoret. HUO SIUTAKI. Nikatoa Nyeri, nikatoa Malindi. Otieno alinong'ona Homa Bay, nikaitoa, ikakataliwa, akaumia kidogo.

Mzee Harjit alikuwa amesimama dirishani na kikombe chake.

"Babu yangu alikuja huku kujenga reli," akasema, kana kwamba anaongea na bustani. "Mimi nimezaliwa Kisumu, lakini nyumbani tulifundishwa jina la kijiji chake. Nchi ile iligawanywa, siku hizi kiko upande mwingine wa mpaka, na hakuna mtu wetu alibaki. Sijawahi kukiona. Lakini ukiniambia nikupe mji, huo ndio siwezi peana. Hiyo ingine yote, chukua bure."

Nikaacha kuandika. Huo si wako, Kanini. Nilikuwa nimempa miji ya watu. Mji wangu sikuwahi kuutoa, wala haukunijia akilini kuutoa, kwa sababu mkataa kwao mtumwa, na ni mtoto gani anayewapa wengine kwao kwa ajili ya kitendawili? Nikaandika KARATINA.

Kisha maneno yakashuka, mstari mmoja mmoja, kwa mwendo wa polepole aliokuwa ameupanga yeye mwenyewe:

NIMEKUBALI.
NIMEKWENDA KARATINA.
NIMEMKUTA MAMA JIKONI.
AMENIPA CHAI. NIMEKUNYWA YOTE.
AMEULIZA KANINI YUKO WAPI.
NIMEMWAMBIA YUKO NJIANI.
JIBU UMELITOA MWENYEWE: NI KWETU.
READY

Hakuna aliyepiga makofi. Otieno alivua miwani yake akaifuta kwa shati, uzi na vyote. Mimi niliyasoma maneno yale tena na tena. Najua aliyaandika akiwa kijana mzima, akitaka kumchokoza dada yake, kikombe cha mama kikipoa kando yake kama kila usiku. Hakuwa akiaga. Hata hivyo nililia mpaka mzee akaniletea taulo badala ya kitambaa.

Nililala kwa Otieno, Jamhuri, ambako stima ilikuwa bado haijarudi. Mkewe alinitandikia kochi kwa mshumaa. Gizani nilikumbuka kuwa fundi wa River Road aliniuliza nimetoka wapi, na Otieno akaniuliza, na askari wa Lavington akaniuliza. Kila nilipofika, kwetu kulikuwa kumenitangulia. Nilikuwa nimelitoa jibu mara tatu kutwa nzima bila kujua kwamba nalitoa.

Jumapili asubuhi Otieno alinisindikiza hadi kwenye gari. Alinipa kanda moja mpya, nyingine akabaki nayo, na ya tatu iko kwa mzee Harjit. Aliniambia kuwa Gathogo alikuwa ameruka nambari nyingi mwishoni mwa programu, kama wafanyavyo wote, ili kuacha nafasi ya mistari itakayokuja. "Ukitaka kuongeza yako, nafasi iko," akasema. "Jumamosi yoyote. Tutakungoja."

Saa za mchana, nyumbani. Kama kuna nililojifunza katika safari hii, ni kwamba ukimtamani mtu aliyekwenda, hutamani arudi kila mahali. Unatamani arudi mahali pamoja. Wale watu wa Jamhuri wanakesha na mashine kuukuu kwa sababu wamepata pahali pao, neno moja kwenye kioo linalowapokea kila Jumamosi. Sikuwaonea huruma tena.

Mama alikuwa jikoni. Hakunisalimu kwanza.

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia, mama."

"Alisema nini?"

Nikamwambia kuwa Gathogo alisema amekuja Karatina, akamkuta yeye jikoni. Mama aliacha mwiko ndani ya sufuria.

"Nikampa chai?"

"Ulimpa."

"Akanywa?"

"Akanywa yote."

Mama alivuta kigoda akakaa. Alipangusa mikono yake kwenye leso, upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Basi," akasema. "Basi ni vizuri."